Jibu Ambalo Hakuna Aliyelitoa

Kila dodoso linalorudi kutoka kwenye kishikwambi lina majibu ya aina tatu. Lipo jibu alilolitamka mhojiwa kwa kinywa chake. Lipo jibu alilolibonyeza mdodosaji kwa kuangalia mwenyewe, kama vile paa la bati au la makuti. Na lipo jibu ambalo hakuna aliyelitamka wala kulibonyeza. Limejijaza lenyewe, kwa sababu kanuni iliyofichwa ndani ya fomu imesema hili likiwa ndiyo, basi lile ni hivi. Ukifungua jedwali la data, yote matatu yamekaa pamoja kwa mwandiko uleule, na hakuna alama ya kukuonyesha lipi ni lipi.

Kazi yangu ni kusimamia wadodosaji. Fomu zinatengenezwa na watu wengine, mara nyingi walio mji mwingine au nchi nyingine. Sisi tunazipokea zikiwa tayari, tunazipakua kwenye vishikwambi, tunazipeleka mitaani na vijijini, na zikigoma, simu inapigwa kwangu. Ninayoyaona kati ya mlango wa kaya na ukurasa wa ripoti, msomaji wa ripoti hayaoni. Anaona asilimia. Mtengenezaji wa fomu naye hayaoni, kwa sababu yeye aliijaribu ofisini, akajijibu mwenyewe, kila kitu kikaenda vizuri.

Enzi za karatasi kanuni zilikuwepo pia, ila zilikuwa zinasomeka. Pembeni mwa swali paliandikwa: “Kama HAPANA, nenda swali la 17.” Mdodosaji alisoma, akaruka, na maswali aliyoyaruka yalibaki meupe mbele ya macho ya kila mtu. Jioni msimamizi akipitia madodoso alikuta pengo lisilostahili, akamwita mhusika, akamrudisha kwenye kaya. Na karatasi ilikuwa na pambizo. Mdodosaji mwenye akili zake aliandika pale: “Mama hana uhakika, anakadiria,” au “Mume yupo safari, amejibu shemeji.” Maneno hayo hayakuingia kwenye kompyuta, lakini aliyekuwa anaingiza data aliyasoma na yalimtia shaka pale penye haki ya kutiliwa shaka.

Kwenye kishikwambi kanuni ni za namna tatu. Ya kwanza inaficha: swali halionekani mpaka sharti litimie. Ya pili inajaza: inachukua jibu la swali moja au mawili, inapiga hesabu, inaweka jibu la swali la tatu. Ya tatu inazuia: inakataa usonge mbele mpaka jibu liwe ndani ya mipaka. Mawazo haya si mageni. Yalikwisha kuwekwa kwenye kiwango cha fomu kiitwacho XForms, kilichopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, na programu ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008, ikayaleta kwenye simu. Nyingi tunazotumia huku zimetoka kwenye ukoo huo. Mtengenezaji anaandika masharti kwenye jedwali la kawaida, safu moja ya swali, safu moja ya sharti, safu moja ya hesabu, halafu jedwali linageuzwa kuwa fomu.

Faida zake nazijua. Tanzania ilifanya sensa kwa vishikwambi, siku ya kuhesabiwa ikiwa tarehe 23 Agosti 2022, na kufikia tarehe 31 Oktoba mwaka uleule matokeo ya mwanzo yakatangazwa: watu 61,741,120. Kenya ilitangulia kutumia vishikwambi katika sensa yake ya mwaka 2019. Kwa karatasi, kuingiza tu madodoso ya nchi nzima kungekula miezi. Sitaki kurudi kwenye maboksi ya makaratasi yaliyolowa mvua. Ninachosema ni kwamba kanuni inapojaza kisanduku, watu wanafikiri kazi imepungua, kumbe kazi imehama, na mahali ilipohamia hakuna anayelipwa kuifanya.

Chukua umri, maana ndio unaofungua na kufunga nusu ya fomu. Fomu nyingi haziulizi umri moja kwa moja. Zinauliza tarehe ya kuzaliwa, kisha kanuni inajaza miaka. Mzee anakwambia alizaliwa wakati wa vita vya Iddi Amin, mvua zikiwa zimeanza. Kalenda ya kishikwambi haijui vita wala mvua; inataka siku, mwezi na mwaka, na ina nyota nyekundu, maana yake huwezi kupita bila kujaza. Mdodosaji anaweka tarehe 1 Julai 1979. Papo hapo kisanduku cha chini kinajaa umri wa miaka, namba kamili, haina “kama” wala “takribani”.

Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo cha zamani, kinaitwa kipimo cha Whipple, cha kuonyesha ni kwa kiasi gani watu wamerundika umri wao kwenye 30, 35, 40 na 45. Rundo hilo lilikuwa ushahidi kwamba watu wanakadiria. Sasa mzee hatamki tena arobaini na tano. Anataja tukio, mdodosaji anatia tarehe, kanuni inatoa arobaini na sita au na saba. Mrundikano unapungua kwenye safu ya umri na kuhamia kwenye tarehe za kuzaliwa, ambako watu wote wamezaliwa Januari mosi au Julai mosi. Mkaguzi anayeangalia safu ya umri peke yake anasifu data kwa usafi wake.

Fomu nyingine zinakwepa shida hii kwa kuomba namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania hiyo ni namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kanuni inazikata hizo nane, inajaza tarehe, tarehe inajaza umri, na umri unaamua maswali gani yafunguke. Kwenye karatasi ya mafunzo inapendeza. Kijijini, tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha yule mzee ni ileile ya kukadiria, aliyoitoa mwenyewe siku ya kujiandikisha. Kisio limepita kwenye kitambulisho, limerudi limevaa suti, na sasa hakuna wa kulihoji.

Kisha namba hizo zinapelekwa kwenye programu ya lahajedwali ili ziandaliwe kwa awamu ya pili ya kutembelea kaya. Lahajedwali, usipoiambia kwamba namba hii ni maandishi, inashika tarakimu 15 tu na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Namba ya tarakimu 20 inatoka imekatwa mkia wa tarakimu tano. Hapo watu wawili ambao namba zao zinaanza kwa tarakimu 15 zilezile wanageuka mtu mmoja. Awamu ya pili mdodosaji anaingiza namba, kanuni inavuta jina, jinsia na kijiji kutoka kwenye orodha, na inamletea mtu mwingine. Nilipigiwa simu: “Bosi, nipo kwa mama mtu mzima hapa, kishikwambi kinaniambia ni mwanaume wa kitongoji kingine. Nifute?” Hawezi kufuta. Visanduku vinavyojazwa na kanuni vimefungwa visiguswe, ili data iwe salama.

Tukio linaloniuma zaidi linahusu neno “leo”. Kanuni ya umri inahitaji kujua leo ni tarehe ngapi, na kishikwambi kinaijua. Mdodosaji alihoji kaya siku ya Ijumaa. Mlikuwa na mtoto wa miezi 59, bado siku mbili atimize miaka mitano. Sehemu ya watoto wa chini ya miaka mitano ikafunguka, nayo ndiyo ndefu kuliko zote: chanjo, kuhara, homa, alilala kwenye chandarua au la, kipimo cha mkono. Mama alitoa kadi ya kliniki, mdodosaji akanakili tarehe moja moja. Kazi nzuri, fomu ikahifadhiwa.

Jumatatu ikafunguliwa kurekebisha namba ya simu ya mkuu wa kaya iliyopungua tarakimu moja. Hilo tu. Lakini fomu ilipofunguka, kanuni iliuliza tena leo ni lini, ikapiga hesabu upya, mtoto akawa na miezi 60. Sharti la sehemu ya watoto likaanguka. Sehemu nzima ikajificha, na fomu ilipohifadhiwa kwa mara ya mwisho majibu yaliyofichwa yakaachwa nje, kwa sababu ndivyo zinavyofanya kazi: swali lisilohusika halistahili kuwa na jibu. Hapakutokea onyo lolote. Mdodosaji alirekebisha namba ya simu, akatuma, akafurahi. Kwenye jedwali, kaya ile haina mtoto wa chini ya miaka mitano.

Tuligundua kwa sababu mdodosaji alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika majina ya watoto wote aliowapima, tabia ya kizamani ambayo kwenye mafunzo walimcheka. Dawa ya kanuni ile ni ndogo: hesabu umri kwa tarehe ya mahojiano, iliyoandikwa mara moja na isibadilike, wala usihesabu kwa tarehe ya leo. Anayejua hutumia mstari mmoja tu kuliandika hilo. Lakini aliyetengeneza fomu aliijaribu siku moja, akaimaliza siku ileile. Kwake leo na siku ya mahojiano ni kitu kimoja.

Niseme kuhusu “sijui”. Kwenye madodoso mengi, sijui ina namba yake, mara nyingi 98. Kwenye karatasi mtu akiona 98 kwenye swali la vyandarua anajua ni sijui, hakuna nyumba ya kawaida yenye vyandarua tisini na nane. Kanuni haijui hilo mpaka iambiwe. Mdodosaji wangu alikuwa kwa bibi mmoja anayelea wajukuu.

“Bibi, humu ndani kuna vyandarua vingapi?”

“Mjukuu wangu, nikwambie uongo? Kimoja nalalia na hawa wadogo. Vingine wakubwa wamevigawana, kimoja wamekwenda kukifungia vifaranga. Sijui.”

Mdodosaji akaweka 98, kama alivyofundishwa. Chini yake kulikuwa na kisanduku kinachojijaza: je, kaya ina angalau chandarua kimoja kwa kila watu wawili? Hicho ndicho kiwango kinachotumika kwenye mambo ya malaria. Kanuni ikagawanya tisini na nane kwa watu sita waliolala humo, ikajaza: ndiyo, vinatosha. Kaya ambayo bibi anakulalamikia wazi kwamba vyandarua vimetawanyika, ndiyo iliyoongoza kata nzima kwa kuwa navyo.

Mtu akisikia hadithi hii hucheka na kuuliza kwa nini mdodosaji hakuliona. Mdodosaji haoni visanduku hivyo vyote. Vingi vinajijaza kimyakimya nyuma ya pazia, na vingine vinaonekana kwa sekunde moja kabla hajateleza kidole kwenda swali linalofuata. Ana kaya nyingine za kumaliza kabla giza halijaingia, chaji imebaki kidogo, na bibi ameshaanza kuangalia jua ili ainjike ugali.

Sifuri nayo ina shida yake. Kuna tofauti kati ya kaya isiyo na kuku, kaya ambayo hawakuulizwa kuhusu kuku, na kaya iliyokataa kujibu. Kanuni ya kujumlisha mifugo, ili isigome ikikuta pengo, huandikwa hivi: kama ni tupu, weka sifuri. Mtengenezaji anafanya hivyo kwa nia njema, fomu isikwame njiani. Matokeo yake mfugaji aliyesema “mambo ya mifugo yangu siwezi kukutajia” anaingia kwenye kundi moja na fukara asiye na kifaranga. Nimeona orodha za wanaostahili msaada zilizopangwa kwa jumla za namna hii. Aliyekataa kujibu alikuwa juu.

Kuna kanuni za kudhani. Fomu moja ilikuwa na orodha ya wanakaya, na kama ndani yake yupo mwanaume aliyeoa, kisanduku cha mkuu wa kaya kinajijaza jina lake. Tulifika kwa mama ambaye mumewe yuko machimboni. Hurudi mara mojamoja, na akirudi hukaa wiki. Mama ndiye analima, ndiye anauza, ndiye anayelipa ada, ndiye anayetafutwa na mjumbe wa shina kukiwa na mchango. Kwa maelezo ya mwongozo wetu mkuu wa kaya ni yule anayetambuliwa na wanakaya wenyewe. Mdodosaji aliuliza, watoto wote wakamwonyesha mama. Kishikwambi kikaandika baba. Na kwa kuwa mkuu wa kaya alikuwa baba, maswali ya “kaya zinazoongozwa na wanawake” yakafichwa. Mama yule alihojiwa kwa muda mrefu kuhusu maisha yake, akaingia kwenye data kama mke wa mtu.

Fomu hiyohiyo iliwahi kukutana na nyumba ya wake wawili wanaopika vyungu tofauti. Kwa mwongozo hizo ni kaya mbili. Mdodosaji akafungua fomu mbili, na zote mbili zikajijazia mkuu mmoja, mzee yuleyule, akahesabiwa mara mbili.

Orodha za mahali zina kazi yake. Unachagua mkoa, fomu inakuletea wilaya za mkoa huo tu, kisha kata za wilaya hiyo. Inaokoa muda na inazuia makosa ya tahajia. Ila orodha hizo huandikwa mara moja, kisha hurithiwa kutoka mradi hadi mradi, na nchi haisimami. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Mwaka 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya. Ubungo ikatoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke. Nimeshafanya kazi Tunduma nikiwa na fomu iliyoniambia nipo mkoa wa Mbeya, miaka mingi baada ya Songwe kuwa na mkuu wa mkoa wake. Visiwani orodha inayodai kata na mtaa haijui shehia. Mdodosaji afanye nini? Anachagua kilicho karibu. Kisanduku kinataka jibu, kinapewa jibu.

Baya zaidi ni pale anapochagua mkoa kimakosa, akaendelea hadi kata, kisha akarudi nyuma kurekebisha mkoa. Kuna fomu ambazo hapo zinafuta wilaya na kata ili achague upya. Kuna nyingine zinaziacha za mwanzo. Unapata kaya iliyo mkoa huu, wilaya ya mkoa ule. Ukiuliza unaambiwa data “ina kelele kidogo”.

Sasa nifike kwenye utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ni kipande cha plastiki chenye rangi tatu, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka 11.5 mpaka kabla ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kutoka 12.5 kwenda juu ni kijani. Kuna tepe zinazosomeka kwa sentimita na nyingine kwa milimita. Tulipewa za milimita. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa sentimita, na kisanduku hakikuwekewa kizuizi cha juu.

Mdodosaji alipima mtoto, akasoma 112, akaandika 112. Kanuni ikalinganisha 112 na 12.5, ikaona ni kubwa mno, ikajaza: hali nzuri. Kwa jibu hilo, kisanduku cha kumpa mama karatasi ya rufaa kwenda zahanati hakikufunguka. Mdodosaji alikuwa ameushika utepe mkononi na mshale umeangukia nyekundu. Alitazama utepe, akatazama kioo, akakiamini kioo. Aliyeuliza ni mama: “Mbona hapa pamesoma nyekundu, mwanangu?” Ndipo simu ikapigwa.

Nimelifikiria sana tukio lile, kwa sababu mdodosaji yule si mzembe. Angekuwa na karatasi, angeandika nyekundu bila hata kufikiri. Kilichomfanya ayaache macho yake ni kwamba jibu lilikuwa limeshajazwa, limefungwa, na limekaa kwa uhakika ambao yeye mwenyewe hana. Mafunzo yetu yote yanamwambia mfumo unazuia makosa. Hatumwambii mfumo unaweza kuyatengeneza.

Kanuni za kuzuia nazo zina elimu yake. Baada ya siku chache uwanjani, kila mdodosaji anajua mipaka bila kuambiwa. Akiandika idadi fulani ya wageni fomu inagoma. Akipunguza mmoja inapita. Hakuna anayepiga simu kila inapogoma, mtandao unasumbua na bando ni la mfuko wake. Anarekebisha jibu mpaka likubalike. Ukitazama data unaona namba nyingi zimesimama palepale mpakani, na mtu wa ofisini anaandika kwamba hakuna jibu lililovuka kiwango.

Vivyo hivyo wanajua maswali yanayofungua milango mirefu. “Kuna mtu yeyote ameugua ndani ya wiki mbili zilizopita?” Ukijibu ndiyo, yanamiminika maswali kwa kila mgonjwa. Ukijibu hapana, unaruka sehemu nzima. Siku ya kwanza wagonjwa ni wengi. Kufikia wiki ya mwisho kijiji kizima kimepona. Tabia hii haikuletwa na kishikwambi; tangu enzi za karatasi wachambuzi wanajua kwamba watoto waliokaribia miaka mitano husukumwa wakazidi mitano ili sehemu yao ndefu isijazwe. Tofauti ni kwamba zamani dodoso lenye kurasa nyeupe nyingi lilionekana kwa kulishika tu mkononi. Sasa fomu fupi na fomu ndefu zinatumwa kwa mguso mmoja, na zote zinaandika “imekamilika”.

Anayesimamia kazi hizi hana haja ya mitambo mipya. Kwanza, kila kisanduku kinachojazwa na kanuni kionekane kwa mdodosaji, na kiwe na swali dogo chini yake: je, ndivyo mhojiwa alivyosema? Ndiyo au hapana, na nafasi ya kuandika. Pili, jibu la kanuni na jibu la mtu yakae safu mbili tofauti kwenye jedwali. Usilifute moja ukaweka jingine. Tatu, umri uhesabiwe kwa tarehe ya mahojiano iliyogandishwa. Nne, sijui, amekataa na haihusiki viondolewe kwenye hesabu kabla ya kujumlisha chochote, na tupu isigeuzwe sifuri. Tano, turudishieni pambizo: kisanduku kimoja cha maelezo kwa kila sehemu, kisicho na nyota nyekundu, kisicho na mipaka. Mdodosaji akikijaza, kisomwe.

Na fomu ijaribiwe kwa watu ambao maisha yao hayajanyooka. Msiijaribu kwa ofisa mwenye cheti cha kuzaliwa, mke mmoja na anwani. Ijaribiwe kwa bibi anayelea wajukuu, kwa mama wa mume aliye machimboni, kwa mzee wa vita vya Iddi Amin. Ifunguliwe leo, irekebishwe wiki ijayo, irudishwe nyuma katikati, ibadilishwe mkoa, izimwe chaji ikiisha. Kazi hiyo inahitaji siku kadhaa na nauli. Kila bajeti niliyoiona ina fedha za fulana na kofia za mradi, na nauli ya kufanyia majaribio ya namna hii sijawahi kuikuta.

Wewe unayezitumia takwimu, mwandishi wa habari, diwani, mtu wa shirika, mwanafunzi anayeandika tasnifu, usiishie kwenye ripoti. Omba fomu yenyewe, ile ya jedwali yenye safu za masharti na hesabu. Itafute ile asilimia unayotaka kuinukuu, uone ilitoka kwenye swali lililoulizwa au kwenye kisanduku kilichojijaza. Kama kilijijaza, fuata kanuni nyuma mpaka ulifikie swali ambalo mtu alilijibu kwa mdomo, na uulize waliosema sijui waliwekwa wapi. Mara nyingi utaridhika, na takwimu itakuwa imara zaidi mkononi mwako. Wakikujibu kwamba fomu haipo, au kwamba mfumo unajihakiki wenyewe, basi hiyo asilimia iandike kwa neno “inakadiriwa”, maana mzee wetu naye alikadiria, ila hakuna aliyempa nafasi ya kuliandika.